Mama mkwe, presha na jangwa la Julai

Shikamoo Mjomba,

Naishi Dallas mwaka wa tisa sasa, mimi na mume wangu na watoto wawili. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, huu ni mwezi wa pili yuko nasi, ataondoka Septemba. Ana miaka 68. Ana presha ya kupanda, anameza vidonge viwili kila asubuhi, na kimoja ndicho kile kinachompeleka msalani kila baada ya muda. Goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi. Mengine yote yuko salama: anapika, anatania, anawafundisha wajukuu Kiswahili ambacho mimi mama yao nimeshindwa kuwafundisha.

Shida ni safari. Mume wangu na mdogo wake wameamua mama hawezi kurudi Tanga bila kuiona Marekani, na Marekani yenyewe kwao ni mbuga za jangwani. Tutoke Dallas na gari letu la watu saba wiki ya pili ya Julai, siku tisa, hifadhi nane: White Sands, Grand Canyon, Zion, Bryce Canyon, Arches, Canyonlands, Death Valley, na wakati wa kurudi Joshua Tree. Shemeji amepanga yote kwenye jedwali la kompyuta, kila hifadhi na rangi yake na saa zake. Bryce imepewa saa mbili na nusu. Death Valley tunafika saa saba mchana, kwa makusudi, ili tupige picha mbele ya kile kipimajoto cha kituo cha wageni.

Nilisema joto la kule linakaribia digrii 50. Shemeji akacheka: "Watu wa Tanga tutishwe na joto? Tumezaliwa nalo." Mume wangu akaongeza kwamba Wazungu wanaliogopa kwa sababu hawakulizoea.

Mimi pendekezo langu ni Galveston, ufukweni, siku nne, turudi nyumbani. Nikamuuliza mama mkwe mbele ya wote anataka kwenda wapi. Akajibu, "Popote mtakaponipeleka, wanangu." Basi wao wakaihesabu hiyo kura ya jangwa, mimi nikaihesabu kura ya Galveston, na ugomvi ukaendelea chumbani usiku.

Nisije nikaonekana mkwe mwenye roho mbaya, mama mtu mwenyewe ni mwepesi na mchangamfu. Kila siku baada ya isha hutoka kibarazani, anatazama juu, anarudi ndani anasema, "Mji huu hauna nyota." Watoto wanamcheka. Kwa hiyo si kwamba ni mgonjwa wa kulala kitandani. Ila sitaki kumrudisha Tanga ndani ya sanduku.

Nifanyeje, Mjomba? Na ikiwa lazima twende, twendeje? Tuko sita pamoja na shemeji. Mkubwa amemaliza darasa la nne, mdogo ana miaka sita. Tiketi sita za ndege hatuziwezi, ni gari tu.

Mkwe, Dallas

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama pale kwenye nyota. Umeliandika jambo lile kama kichekesho cha watoto. Mimi nadhani ndilo jibu la swali ulilomuuliza mama mkwe mbele ya wote, akakujibu "popote." Mwanamke wa miaka 68 wa Tanga, amekaa kwenye nyumba ya mwanawe, atasema nini mbele ya wanawe wawili na mkwe wake wanaovutana? Adabu yake haimruhusu kuchagua upande. Lakini kila usiku anatoka nje kutafuta kitu, hakioni, anarudi analalamika. Huko jangwani ndiko kilipo, tena hakuna pengine Marekani kilipo kwa wingi namna hiyo.

Kwa hiyo kesho msubiri jikoni, mkiwa wawili tu, mkono uko kwenye unga. Usimuulize "unataka kwenda wapi." Muulize nyota za kwao alikuwa akiziangalia na nani. Utakachosikia hapo kitakusaidia kuliko ushauri wangu. Na nikuambie ukweli hata kama utakuuma: Galveston yako nayo umemchagulia wewe. Ametoka Tanga, amezaliwa na bahari mlangoni, unataka kumpeleka akaione bahari.

Sasa joto. Hapa nakuunga mkono moja kwa moja, na mume wako na shemeji yako nawaomba wasome wenyewe.

Nimeendesha trela miaka kumi na minne, nyingi nimezila kwenye barabara kuu ya I-40 kati ya Texas na California. Mimi ni mtu wa Pangani. Nilikuwa na maneno hayo hayo ya kuzaliwa na joto. Agosti moja tairi likapasuka karibu na Needles, mpakani mwa California na Arizona, saa nane mchana. Injini nimezima, fundi anasema saa tatu. Chupa mbili za maji zikaisha mapema. Nikajiona niko sawa kwa sababu sikuwa natoka jasho. Shati kavu kabisa, ila lina ramani nyeupe mgongoni. Ilikuwa chumvi. Jasho lilikuwa linatoka na kukauka kabla sijaliona, na mimi nimekaa pale najipongeza kwamba Mwafrika halowi. Baadaye kichwa kikaanza kugonga, nikasahau nimeliweka wapi jeki nililokuwa nimelishika mkononi. Mzee mmoja wa pikapu akasimama, akachukua maji ya barafu kwenye deli lake, akanimwagia kichwani kabla hata hajanisalimia.

Joto la Tanga ni digrii 32 au 33, lina unyevu, lina upepo wa bahari. Linakuchosha, linakutia jasho, lakini hewa yenyewe bado ni baridi kuliko damu yako, kwa hiyo upepo ukipiga unapata nafuu. Hewa ikishapita digrii 37 mambo yanageuka: upepo unakuongezea joto, kama mtu aliyefungua tanuri la mkate usoni mwako. Kilichobaki kukupoza ni jasho peke yake, na jasho linataka maji. Anayefanya kazi kwenye joto hilo anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Kuzoea kupo, lakini mwili huzoea kwa wiki moja au mbili za kukaa kwenye joto lile lile. Shemeji yako anakaa Dallas ndani ya kiyoyozi. Tanga aliyozaliwa haimo tena kwenye ngozi yake.

Death Valley ndiyo iliyoweka rekodi ya dunia: digrii 56.7 pale Furnace Creek, tarehe 10 Julai 1913. Julai 2024 ulikuwa mwezi wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa pale. Bonde lenyewe liko chini ya usawa wa bahari, pale Badwater ni mita 86, na milima imelizunguka kama kuta za sufuria: hewa ya moto inapanda, inapoa kidogo, inagonga ukuta, inashuka tena, na kushuka kunaipasha moto zaidi. Wahifadhi wenyewe wanawashauri watu wasitembee kwa miguu sehemu za chini baada ya saa nne asubuhi wakati wa kiangazi. Na liko jambo ambalo wengi hawalijui: joto likizidi, hewa inakuwa nyepesi mno, helikopta ya uokoaji inaweza kushindwa kuruka. Mpige simu, msubiri.

Kwa mtu mwenye presha na kile kidonge cha maji, hapo ndipo ninapokaza sauti. Kidonge kile kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini. Jangwa kazi yake ni hiyo hiyo. Wakikutana kwa mama mmoja, anaweza kusimama kwenye gari na kuanguka hapo hapo. Asikiache kidonge kwa ushauri wangu wala wa shemeji. Mpigieni daktari wake wa Tanga, au mfamasia wa hapo Dallas, muulize maswali mawili: kipimo kibaki vile vile wakati wa safari ya joto, na je, maji ya chumvichumvi kama ORS anaruhusiwa, maana mwenye presha si kila chumvi ni rafiki yake. Nyinyi wengine bebeni pakiti za ORS, zile zile tulizonyweshwa tukiharisha. Kunywa maji matupu siku nzima bila kula kitu chenye chumvi nako kunaangusha watu.

Kwa hiyo Death Valley itoke. Shemeji akiitaka sana, aende Januari na rafiki zake. Wakati huo ni pazuri kweli.

Tuingie kwenye jedwali lake. Nimelipigia hesabu ya barabara: ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa siku tisa. Karibu 700 kila siku. Ni sawasawa na kuamka kila alfajiri Dar na kulala Arusha, kesho tena, kesho kutwa tena, siku tisa mfululizo, huku katikati umesimama mara nane kupiga picha. Goti la mama litakuwa limekunjwa kwenye kiti tangu White Sands. Mtoto wa miaka sita atakuwa ameshatapika Bryce haijafika. Mimi nililipwa kwa kazi ya namna hiyo na bado nililalamika.

Ninachowapendekezea ni jangwa la juu. Wewe umeolewa na watu wa Tanga, unajua joto likiwazidi pwani wanapanda Lushoto. Jangwa la Marekani nalo lina Lushoto yake. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko mita 2,100 juu ya bahari, juu kuliko Lushoto yenyewe. Mchana wa Julai huwa kama digrii 29, usiku inashuka hadi 12 hivi. Bonde lile lile, chini kabisa mtoni, siku hiyo hiyo linapita 40. Yaani kitu cha kuwaua na kitu cha kuwapa raha vimetengana kwa kilomita moja na nusu ya kwenda chini. Mkikaa ukingoni mko salama.

Sasa njia. Tokeni Dallas kupitia Amarillo, mlale. Siku ya pili I-40 mpaka Gallup, New Mexico. Ni safari ndefu lakini barabara imenyooka na mahali pa kupumzika ni pengi. Siku ya tatu mtaingia Arizona na kukutana na Petrified Forest, hifadhi ambayo haimo kwenye jedwali la shemeji na ndiyo inayomfaa mama yake kuliko zote. Barabara inapita katikati ya hifadhi kilomita 45, unaona Jangwa la Rangi bila kutoka kwenye kiti, na unashuka tu pale unapotaka kuona magogo ya miti yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Waambieni watoto wasiokote hata kokoto. Kuna watu walioiba vijiwe pale, mambo yao yakaharibika nyumbani, wakavirudisha kwa posta na barua za kuomba radhi. Wahifadhi wanalo rundo zima la mawe ya toba. Mama mkwe atalipenda hilo kuliko magogo.

Jioni hiyo mnafika Grand Canyon. Kaeni usiku tatu. Ndiyo, tatu, mahali pamoja, masanduku yasifunguliwe na kufungwa kila siku. Vyumba vya ndani ya hifadhi hukatwa hata mwaka mmoja kabla, kwa hiyo kwa Julai hii mtaotea tu aliyeghairi. Angalieni kila asubuhi. Vikikosekana, Tusayan iko mlangoni, Williams na Flagstaff ziko mbali kidogo lakini bei inapungua.

Na hapo mtu wa kupanga saa awe mama mkwe. Sitanii. Anaamka lini? Kabla ya alfajiri. Anajilaza lini? Baada ya adhuhuri. Anachangamka lini tena? Jua likipunga. Jangwa linakwenda hivyo hivyo. Julai pale ukingoni jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo, kwa hiyo akishasali alfajiri kuna zaidi ya saa nzima ya giza linalofifia, baridi, hakuna watalii, hakuna foleni ya gari. Mpelekeni ukingoni na kiti cha kukunja, chai ya tangawizi kwenye chupa, na sweta. Kaeni mpaka saa tatu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mko ndani: kulala, kula, karata, Kiswahili cha wajukuu. Msafiri ameruhusiwa kuunganisha adhuhuri na alasiri, hapo hata ibada inamrahisishia. Jioni mnatoka tena. Mkifika ombeni kile kibali cha gari cha wenye shida ya kutembea. Hutolewa bure na kinawaruhusu kuingia na gari barabara ya ukingoni ambayo wengine wanaingia kwa basi tu.

Kuhusu tarehe, wanaume wako wameotea bila kujua. Mwaka huu mwezi unaandama katikati ya Julai, Mfunguo Tano unaingia. Mama mkwe mwambieni hivyo tu, ataelewa: ni usiku wa giza. Tangu 2019 Grand Canyon imethibitishwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, taa zimepunguzwa na kufunikwa ili nyota zionekane. Lile wingu la nyota linalokata anga, ambalo wanao hawajawahi kuliona, litakuwa juu ya vichwa vyao. Na kabla ya alfajiri, upande wa mashariki, kitakuwa kimeshapanda Kilimia, kile kishada cha nyota. Hicho hapo Dallas hatakiona vizuri. Wazee wetu walilimia kwacho. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwacheni awaonyeshe watoto yeye mwenyewe, simu zikae ndani.

Kutoka hapo kama mna nguvu, pitieni Monument Valley, kilomita 290 hivi, mlale karibu, mwone mawio mengine, kisha mshuke Albuquerque na kurudi nyumbani. Pale ni nchi ya Wanavajo, si hifadhi ya taifa. Pasi za serikali hazifanyi kazi, wanatoza chao kwa kila mtu, na pombe ni marufuku, sijui kama hilo linamhusu shemeji. Kuleni mkate wao wa kukaanga. Ni binamu wa andazi aliyekosa iliki.

Mtachanganyikiwa saa. Arizona haisogezi saa zake wakati wa kiangazi, Wanavajo walio ndani ya Arizona wanasogeza, Wahopi walio katikati ya Wanavajo hawasogezi. Simu itabadilika kila mkipita kilima. Mkiongeza na mama mkwe anayesema saa kumi na moja akimaanisha alfajiri, mtakuwa na saa nne ndani ya gari moja. Kubalianeni mapema mnatumia ipi.

Hifadhi za Utah zisubiri mwaka mwingine. Najua Zion na Arches ni nzuri, nimezipita, lakini Julai zinafika digrii 38 na hifadhi isiyoonekana vizuri kwa sababu mtoto analia haijaonekana.

Pesa. Mtoto aliyemaliza darasa la nne ana bahati yenu mfukoni: wanafunzi wa darasa la nne hapa hupewa pasi ya bure ya kuingia hifadhi za taifa pamoja na familia iliyo garini, na inafanya kazi mpaka mwisho wa Agosti. Iombeni mtandaoni leo. Upande wa pili, tangu Januari 2026 wageni wasio wakazi wa Marekani, wa miaka 16 na zaidi, wanatozwa dola 100 za ziada kila mmoja kwenye hifadhi 11, na Grand Canyon ni mojawapo. Petrified Forest haimo. Pigeni simu getini kabla, mtaje pasi mliyo nayo na mama aliye na viza ya kutembelea, mpate jibu lao kabla ya kufunga safari. Pasipoti yake iwe kwenye mkoba wake, isiwe kwenye sanduku nyuma. Na kama hakukatiwa bima ya safari alipokuja, katieni sasa, muulize hasa kama inagusa presha aliyokuwa nayo tangu zamani, nyingi haziigusi.

Gari: matairi yaangaliwe na fundi, la akiba pia, betri, maji ya rejeta. Tanki likifika nusu, jazeni, msisubiri sheli ijayo kwa sababu nchi ya Wanavajo sheli ijayo inaweza kuwa saa nzima mbele. Kwenye milima mirefu gari likianza kuchemka, zimeni kiyoyozi, fungueni madirisha, vumilieni. Maji lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, na galoni kadhaa za ziada zisizoguswa. Ramani ipakueni kwenye simu mkiwa bado na mtandao, muwe na ya karatasi pia, na msifuate njia ya vumbi kwa sababu tu simu imesema ni fupi. Mwaka 2009 mama mmoja alikwama hivyo Death Valley. Aliokolewa baada ya siku tano, mwanawe hakuokoka. Na mtu asiachwe garini, mama wala mtoto, hata "naingia dukani mara moja." Dakika kumi zinatosha kuongeza digrii kumi.

Katikati ya Julai ni msimu wa radi. Mkisikia ngurumo mko ukingoni, ingieni kwenye gari. Mkikuta maji yanakata barabara, hata kama ni ya kifundo cha mguu, simameni. Watu wa Dodoma na Kilosa wanalijua korongo linaloshuka na maji wakati juu yako jua linawaka. Kule ni vile vile: Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha mbali na pale waliposimama.

Na kindi. Wana sura nzuri, wanaomba chakula, wanauma. Mwenye miaka sita awe mbali nao.

Kanga ya mama nimeiacha mwisho kwa sababu ni dawa. Tanga ukilowesha kanga na kujifunika, inabaki imelowa na wewe unabaki na joto lako. Kwenye hewa kavu inakauka dakika chache, na kule kukauka ndiko kunakopoza mwili. Bebeni pea mbili za kuloweshwa na moja ya kuvaa. Akilalamika kichwa, kichefuchefu, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka: kivulini, kanga zilizolowa shingoni na kwapani, mpepeeni, pigeni 911. Aliyechanganyikiwa msimlazimishe kunywa.

Bado mume wako. Usiende kwake na barua hii ukisema "Mjomba kasema." Usimfanye mama yake mgonjwa mbele yake pia, mwana hapendi kusikia mama yake amezeeka, atabisha hata ukweli. Mwache amsikie mama mwenyewe akisema habari ya nyota, mezani, watoto wakiwepo. Halafu shemeji. Yule kijana ana kipaji, amekosa tu kazi sahihi. Mpe jedwali jipya: saa ya jua kuchomoza kila siku, saa ya mwezi kuzama, joto la kila mji mnaopita, sheli hadi sheli. Rangi aweke anazotaka. Hapo atapigania Grand Canyon kuliko wewe.

Mkirudi niandikie uniambie mama alikiona Kilimia saa ngapi, na kwa saa ya wapi.

Mjomba